Jina la Nyumbani

Bibi Marieta alikuwa na majina mawili ya Mungu, na hakuyachanganya, kama mkulima asivyochanganya maharage ya mbegu na maharage ya chungu. La kwanza lilikuwa Mungu, jina la Kiswahili, la kanisani na la mikutano. Hilo alimgawia kila mtu: mwalimu aliyehamishiwa Tlawi kutoka mkoa wa mbali, nesi wa zahanati, mpita njia anayeulizia barabara ya Mbulu mjini. La pili lilikuwa Looa, na hilo lilikuwa la nyumbani. Alilitamka alfajiri, ameketi mlangoni kwenye kigoda chake, uso umeelekea linakochomoza jua, rozari shingoni na ugoro mkononi. Aliyeona ubaya katika mpangilio huo alikuwa na ruhusa ya kwenda kuketi kwenye mlango wake mwenyewe.

Looa ni mama. Wairaqw waliotangulia walilijua hilo kabla hajafika mmisionari, wala hawakuhitaji semina. Vicent, mjukuu wa Marieta, alipokuwa mdogo wa kuketi miguuni pake, alimwuliza mbona kanisani wanasema Baba Yetu.

"Baba unamwomba ruhusa," bibi akamjibu. "Mama unamwomba uji. Wewe asubuhi ukiamka unataka ruhusa ama unataka uji?"

Mtoto akasema anataka uji.

"Haya. Sasa lile jua linachomoza kila siku bila kuombwa, kama mama anavyowasha moto watoto bado wamelala. Ndiyo maana tunamwita hivyo. Wale pepo wa kwenye maji, kina Netlangw, ni wa kuogopwa. Looa si wa kuogopwa."

Alimfundisha na mengine. Alimfundisha kwamba jina hilo haliitwi juu ya mtu baki. Jirani unamwombea kwa Mungu wa wote, na inatosha, lakini mtoto wa tumbo lako unamwombea kwa Looa. Alimfundisha kwamba sala lazima iitikiwe na kila anayeisikia, hata ikiwa ya adui, kwa sababu sala isiyoitikiwa huanguka chini ikadonolewa na kuku. Na alimfundisha kwamba mwenye kinyongo habariki, maana baraka ya mwenye kinyongo hugeuka njiani. Mtoto alikuwa na kichwa chepesi. Alishika yote, na huko ndiko balaa lilikoanzia.

Kulikuwa pia na ahadi. Vicent akiwa bado ananyonya, kichomi kilimkamata hata mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Baba yake, Modest, alikuwa amekimbia kutafuta gari. Marieta alimbeba mtoto hadi mlangoni, jua likichungulia, akasema: Looa, niachie huyu. Siku atakayotoka katika nyumba hii kushika njia yake, nitampulizia maziwa na kuliita jina lako juu yake, na watu wote wasikie. Mtoto akapona. Ahadi ya namna hiyo haizeeki. Aliyeahidi asipotimiza, kinachochukuliwa ni kile kilichoombewa, na Marieta aliamini hivyo bila shaka hata chembe.

Sasa siku hiyo ilikuwa imefika. Vicent alikuwa amepewa upadre mjini, Jumapili angesoma misa ya shukrani nyumbani kwao Tlawi, na kutoka hapo angekwenda Roma kusoma zaidi. Bibi alikuwa ameshachagua kibuyu kidogo, akakifukiza moshi, akamwambia mkwewe Zita, mama yake Vicent, kwamba maziwa ya ng'ombe mwekundu ya asubuhi hiyo yasiguswe na mtu.

Katikati ya wiki Modest alimjia. Modest alikuwa katekista, mtu aliyehubiri hata alipokuwa anaomba chumvi. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama mbele ya kigango na kuzilaani mila, na iliyomkera kuliko zote ilikuwa metimani. Huo ndio mwiko wa zamani wa nyumba iliyoharibikiwa mimba: nyumba hiyo ilikaa peke yake, haikuazimana moto na majirani, haikula na watu, na aliyekula nayo naye aliingia katika mwiko huo huo mpaka wazee wamsafishe. Modest aliuita ushirikina na ukatili, na katika hilo la ukatili hakukosea.

Siku hiyo alichuchumaa mbele ya kigoda cha mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipooa.

"Mama, juzi ulikunywa chai kwa Agripina?"

Agripina alikuwa jirani yao, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, na kwa chai yake hakuwa mchoyo wa sukari.

"Nilikunywa. Na viazi nilikula. Kwani vipi?"

"Mimba yake imetoka. Wanaficha kwa sababu ya sherehe."

Marieta akakiweka kikombe chini. "Masikini mtoto wa watu," akasema. Kisha akasema lile ambalo Modest alikuwa amelichuchumalia. "Basi na mimi nimeingia."

"Mimi siamini mambo hayo, unajua," Modest akasema, macho kwenye vidole vya miguu yake. "Lakini wewe unaamini. Na Padre ni kijana, safari yake ni ndefu. Sitaki kesho useme ungejua."

Akufukuzaye hakwambii toka. Modest hakumwambia mama yake atoke ndani ya nyumba, wala hakufunga mlango wowote kwa kufuli. Ni Marieta mwenyewe aliyebeba kigoda chake, blanketi na kopo la ugoro, akahamia kwenye ghala la mahindi nyuma ya nyumba, ili asimpake mjukuu wake uchafu wa kifo. Aliuliza jambo moja tu: baraka yake je? Modest akasema ataitoa akishasafishwa. Bibi akasema kijana atakuwa ameshapanda ndege. Modest akasema ndege hurudi.

Zita alimletea chakula akakiweka juu ya jiwe, mbali na mlango, akaondoka bila kumtazama usoni. Marieta alidhani mkwewe anauogopa mwiko, akamsifu moyoni kwa mara ya kwanza tangu aletwe katika boma lile.

Vicent alipofika Ijumaa na gari la parokia, kijiji kizima kilimpokea kwa vigelegele. Alikwenda hadi nyuma ya nyumba, akasimama kwenye turubai la kuanikia maharage, akiwa amevaa kola nyeupe, mwembamba, mrefu, babu yake mtupu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Usisogee hapa."

"Nimesikia. Vumilia, bibi. Ni siku chache tu."

Akageuka akaenda zake. Bibi alilia kwa furaha. Msomi mzima wa seminari, anaelekea Roma, na bado anaiheshimu metimani kuliko baba yake. Alijisemea kwamba kumlea mtoto vizuri ni kazi isiyopotea, na siku ile alikula ugali wake wote.

Jumapili kulikucha na ukungu, kisha jua likatoka. Maturubai yalikuwa yamefungwa, jenereta linanguruma, spika mbili kubwa zimeelekezwa ukumbini na moja, kwa makosa ya fundi, imeelekezwa ghalani. Zita alikuwa ameleta maziwa ya ng'ombe mwekundu bila kuambiwa mara ya pili, akayaweka juu ya jiwe. Marieta aliyamimina kibuyuni. Kwa nini aliyamimina, na huku amejitenga, hata yeye asingeweza kusema. Mkono hufanya ulichozoea kungoja.

Misa ilikuwa imeanza pale mlango wa ghala uliposukumwa, na Agripina akaingia kuchukua kiroba cha vitunguu. Alishtuka.

"Bibi! Kumbe uko huku? Tumeambiwa umekwenda Gehandu, kwa ndugu za mama Padre."

Marieta alijivuta nyuma, mgongo ukagota kwenye magunia. Kisha akaliona tumbo. Lilikuwa limetangulia mbele ya kitenge, kubwa, la mviringo, la mwanamke aliyekaribia siku zake.

"Agripina," akasema taratibu. "Tumbo lako."

"Linanisumbua tangu asubuhi, bibi. Anapiga mateke anataka pilau." Akaucheka mzaha wake mwenyewe, akaushika mkono wa bibi kizee akauweka ubavuni. Mtoto akapiga teke. Akapiga tena.

Bibi hakumwambia lililosemwa juu ya tumbo lile. Neno la namna hiyo halitamkwi mbele ya mwenye mimba, na Modest alikuwa amelitamka mchana kweupe kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Alimwambia tu abebe vitunguu apeleke, wapishi wanangoja. Agripina akatoka, akajua kuna jambo, na kwa adabu hakuuliza.

Marieta akabaki amesimama. Hasira alikuwa nayo, ila hakuwa ameelewa. Amedanganywa, sawa. Mwanawe amelichukua jambo analolidharau yeye na analoliamini mama yake, akalifanya kamba ya kumfungia. Lakini kwa nini? Hakuwa mlevi, hakuwa na kidonda kinachonuka. Shuka jipya la kuvaa lilikuwa limekunjwa kwenye sanduku. Alikuwa amewaaibisha lini?

Jibu lilimjia kwa spika ile iliyoelekezwa vibaya.

"Nawashukuru wazazi wangu," sauti ya Vicent ilikuwa ikisema, sauti nzuri, ya kati, isiyo na haraka. "Lakini leo namkumbuka kwa namna ya pekee bibi yangu marehemu."

Chini ya maturubai watu walitulia. Walidhani anamsema yule wa Gehandu, mama yake Zita, Mbarabaig aliyefariki zamani. Marieta naye alidhani hivyo.

"Yeye ndiye aliyenipa jina la Looa. Alikuwa akiketi mlangoni alfajiri, kwenye kigoda chake, rozari shingoni, ugoro mkononi."

Mtu mmoja akakohoa. Marehemu wa Gehandu hakuwa na rozari wala ugoro, na Mungu alimwita Aseeta, kama Wabarabaig wenzake wanavyomwita. Jina la Looa alilisikia kwa majirani tu. Watu wakatazamana, kisha wakatazama viatu vyao. Nyama ilikuwa inanukia vizuri sana kutoka jikoni.

"Nilikuwa kando ya kitanda chake cha mwisho," Padre Vicent akaendelea. "Nikamwuliza, bibi, Looa ni nani? Akaushika mkono wangu, akaniambia: mjukuu wangu, Looa ni Baba. Wazee wetu tangu mwanzo walimwita Baba. Ni watu wa siku hizi, wasiojua, ndio wanaomfanya mama. Akasema hivyo, akafumba macho."

Makofi yakapigwa. Walioanza kuyapiga walikuwa wageni wa meza ya mbele, na wengine wakafuata, kwa sababu makofi ni kama miayo. Kisha ikasikika sauti nyingine, nzito, ya mtu wa mkoa mwingine. Ilikuwa ya Padre Gambera, mkuu wa seminari iliyomfundisha Vicent. Alisema utafiti wa kijana huyu juu ya majina ya Mungu ndio uliompatia nafasi ya Roma, na kwamba nguzo ya utafiti wote ni ushuhuda wa bibi yule. Wasomi waliousoma waliguswa, alisema, kwani maneno hayo yalitoka kwa mtu anayekata roho, na anayekata roho haongopi.

Anayekata roho haongopi, na zaidi ya hapo haulizwi tena. Hapo ndipo Marieta alipoelewa. Bibi aliye hai angeulizwa. Padre Gambera angemsogelea na sahani yake, angemwambia, mama, tueleze juu ya Looa, naye angeeleza habari ya ruhusa na uji, na nguzo ingelala chini. Kwa hiyo walimuua. Walimuua kwenye karatasi kwanza, zamani, na sasa walikuwa wanamkalisha ghalani ili asiharibu maziko. Asiyekuwapo na lake halipo.

Lililomchoma hasa halikuwa Modest. Modest alikuwa mjinga tangu utotoni, na mama hamshangai mwana mjinga. Kilichomchoma ni ile "vumilia, bibi". Aliyakumbuka machozi ya furaha aliyoyamwaga mbele ya turubai la maharage, akaona aibu mbele ya magunia.

Angeweza kupiga kelele. Badala yake aliketi akatafuta ndani yake, kama mtu anayepapasa gizani, aone kama bado anaweza kubariki. Ahadi ilikuwa palepale. Asipoitimiza, kitakachochukuliwa ni yule yule kijana. Kinyongo nacho kilikuwepo, kizito, na kwa kinyongo kile baraka ingegeuka njiani. Akaona kuna njia moja tu. Atakwenda asimame mbele yake. Akimwita bibi, mbele ya watu, hata mara moja, hata kwa sauti ya chini, kinyongo kitashuka na atampulizia maziwa. Hatataka aombwe radhi. Hatasema neno juu ya Baba wala Mama. Alitaka neno lile moja tu.

Misa ikaisha, watu wakaanza kula. Marieta alijifunga kitenge vizuri, akakishika kibuyu, akatoka.

Alipita katikati ya meza. Watu waliokuwa wanaongea waliacha. Wapo waliomwamkia shikamoo kwa sauti ya chini sana, akaitikia marahaba. Wapo walioinamia sahani. Hakuna aliyesema, kumbe huyu hapa, kwa maana kusema hivyo kungeharibu shughuli, na shughuli yenyewe ilikuwa bado haijafika kwenye soda.

Zita alimwona kwanza. Akaliweka chini bakuli la kachumbari. Modest akainuka nusu. Vicent alikaa vilevile, kitambaa cha mezani mkononi, uso umekuwa wa rangi ya majivu.

Padre Gambera ndiye aliyesimama. Alikuwa mtu mwema, na katika habari hii yote ni yeye peke yake asiyejua alichokuwa anakifanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Padre."

"Karibu, karibu uketi. Padre Vicent, mama yetu huyu ni nani?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto wa chekechea angelijibu. Vicent alimtazama bibi yake, bibi akamtazama, na kwa muda huo mfupi Marieta alimwona tena mtoto mwenye kichomi, kifua kinapanda na kushuka. Sema, alimwambia kimoyomoyo. Sema, baba.

"Ni mama mmoja," Vicent akasema. "Jirani yetu."

"Umri umekwenda," Modest akadakia. "Kumbukumbu zimemtoka kidogo. Wakati mwingine anasema vitu."

Chini ya turubai ungesikia mfupa ukiwekwa kwenye sahani. Walikuwepo wanaume waliozaliwa mikononi mwa Marieta, wanawake aliowanyoa watoto wao. Mdomo uliojaa nyama una sababu nzuri ya kunyamaza.

"Ni kweli," Marieta akasema. "Mimi ni jirani."

Padre Gambera hakuona chochote. Alikuwa na jambo lake moyoni tangu aliposhuka garini, na sasa macho yalimng'aa. "Mama, najua kwenu mzee humbariki kijana anayesafiri. Umekuja na kibuyu kabisa. Mbariki padre wetu, na uniruhusu nirekodi. Mbariki kwa jina lile la kale, la Looa." Akatoa simu yake.

Vicent alikuwa ameshapiga magoti. Hakuna aliyemwambia, magoti yenyewe yalikunjika. Alijua ahadi ile. Alikuwa amesimuliwa mara nyingi kuliko hadithi yoyote, na kwa usomi wake wote alikuwa amekulia katika mlango ule. Aliinua uso, midomo imefunguka kidogo, kama kifaranga.

"Jina hilo ni la nyumbani, Padre," Marieta akamjibu Gambera kwa upole. "Jirani haliiti. Nitambariki kwa lile la wote."

Aliweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake. Kibuyu alikiacha ubavuni, kimezibwa. Kinyongo hakikuwepo tena. Alikitafuta akakikosa, kwani kinyongo huwekewa ndugu, na huyu hakuwa ndugu. Aliyajua vema anayoyafanya. Alijua ahadi inayovunjika humla nani. Alilijua, na bado akafungua kinywa.

"Mungu Baba akubariki, mtoto wa jirani," akasema kwa Kiswahili safi, taratibu, kama anavyosema na mpita njia. "Akufikishe salama uendako."

"Amina," wakasema watu. Gambera alishusha simu, amefurahi nusunusu.

Vicent hakuinuka.

Marieta akageuka, akaenda moja kwa moja upande wa jikoni. Agripina alikuwa kwenye masufuria, moshi umemwingia machoni. Bibi akamshika mkono, akamsimamisha uwanjani pale palipokuwa na jua.

"Kuna neno baya lilisemwa juu ya tumbo lako," akamwambia. "Usiniulize na nani. Nalitoa. Kuanzia leo wewe ni mtoto wangu, na huyu ni mjukuu wangu."

Akakizibua kibuyu, akapiga funda la maziwa, akampulizia tumboni mara moja, na tena, mpaka kitenge kikalowa. Akaliita jina. Aliliita kwa Kiiraqw, kwa sauti yote aliyokuwa amebakiwa nayo, Looa, mama, aliye mama yetu, na maneno mengine ya baraka ndefu ya wazee, na wanawake wa jikoni, ambao hawakuwa na meza kuu ya kulinda, wakaitikia kila mstari. Mpaka mwisho hakuna sala hata moja iliyoanguka chini. Padre Gambera alinyoosha shingo aone, lakini walikuwa mbali na simu haikushika kitu.

Vicent alimfuata hadi mlangoni pa ghala. Alipiga magoti tena, kwenye tope la maji ya vyombo, na kanzu yake nyeupe.

"Bibi," akasema. "Bibi, na mimi."

Neno lilikuwa hilo. Lilikuwa limekuja, ila limekuja nyuma ya nyumba, pasipo na watu. Marieta alikigeuza kibuyu juu chini mbele yake. Tone moja lilining'inia mdomoni mwa kibuyu, halikuanguka.

"Maziwa yamekwisha, Padre," akasema.

Kule mbele mshereheshaji, kijana aliyekodiwa kutoka mjini, aliyekuwa hamjui yeyote na aliyependa kusikika, alikuwa anamtafuta kwa spika. Padre wetu yuko wapi, keki inangoja. Baba yake alikuja akamwinua kwa kiwiko, akampangusa tope magotini kwa leso, akamrudisha. Vicent alikwenda. Marieta aliketi kwenye kigoda chake, mlangoni mwa ghala, mahali ambapo aliweza kuona turubai lote na turubai lote liliweza kumwona.

Keki ililishwa wazazi, ikalishwa wageni. Kisha mshereheshaji akasema, "Kipande hiki kingekuwa cha bibi. Lakini kama tulivyosikia kwenye mahubiri, bibi yetu ametutangulia. Naomba tusimame. Padre, tuongoze tumwombee marehemu." Akampa Vicent kipaza sauti.

Watu walisimama, kwa kuwa ukiambiwa simama unasimama. Vicent alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitazama ghalani. Alimtazama Padre Gambera, aliyekuwa ameshainamisha kichwa na kufumba macho. Wote waliokuwa pale wangemsamehe kama angesema neno jingine lolote.

"Raha ya milele umpe ee Bwana," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Gambera alifumbua macho, akashangaa. Kina mama wa jikoni walikaa kimya, wanaume walikaa kimya, hata Modest, katekista, aliyeitikia sala ile kwenye makaburi yote ya Tlawi, ulimi ulimgoma. Sala ilikuwa imening'inia pale juu ya keki, inaanza kushuka.

Marieta alivuta ugoro wake, akaufuta uso kwa ncha ya kitenge. Hakuwa amelelewa kuiacha sala ya mtu ikadonolewa na kuku.

"Na mwanga wa milele umwangazie," akaitikia kutoka mlangoni mwa ghala, na watu wote wakamsikia.